Vikapu Vitatu vya Ndiga

Naandika polepole. Herufi nilijifunza ukubwani kwa masista wa misheni, na yule aliyenifundisha alinivumilia miaka minne kwa kitabu ambacho wenzangu walikimaliza kabla ya mavuno. Mpaka leo nikiandika neno refu, nikifika mwisho wake nimeshasahau lilivyoanza, inabidi nirudi nilisome upya. Sitafuti huruma ya mtu. Nataka tu msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia, maana habari yenyewe ni ya akili, ya dada yangu na yangu, na jinsi zilivyokuwa mbili mbovu na bado zikatosha.

Dada alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na umri wa kama miaka saba, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, tulipokuwa tukiishi upande wa juu wa Lumemo, pale mto unaposhuka kwa kasi kwenye mawe na vidudu vidogo vyeusi vinauma miguu mpaka mtu anajikuna damu. Baba alikuwa Mndamba, mvuvi na mkulima wa mpunga. Mama alikuwa Mpogoro wa milimani. Pande zote mbili kifafa kilikuwa hakihitaji kuelezwa, kila kitongoji kilikuwa na wawili watatu wa kuanguka. Ungedhani watu waliokizoea hivyo wangekiogopa kidogo, lakini ilikuwa kinyume chake.

Hofu yetu ilikuwa povu. Mtu akianguka na kutoa povu, anayemgusa kabla halijakauka naye atakipata. Anayekula naye chungu kimoja atakipata. Na si lazima aanguke. Kinaweza kumwingia kimyakimya, kikamla kichwa, akawa mtu wa kuuliza kitu kilekile mara tatu. Kwa hiyo dada alikuwa na kibuyu chake kilichokatwa nusu, mkeka wake, na mahali pake pa kukaa, hatua sita kutoka kwa wenzake wanaokula. Hakuruhusiwa kukaribia moto wala mto. Hilo la moto na mto lilikuwa la busara, sina ugomvi nalo. La chungu nina ugomvi nalo mpaka naingia kaburini.

Sasa niseme nililoliona mimi kwa macho yangu kutoka umbali wa hatua hizo sita. Dada akishaanguka alilala usingizi mzito, na akiamka alikuwa hana majina ya vitu. Chungu alikiona, akajua ni cha kupikia, lakini jina lake limekwenda. Mbuzi vivyo hivyo. Hata mama. Alituangalia mmoja mmoja akiwa ametulia kabisa. Watu wazima waliona uchungu, wakaondoka na shughuli zao. Mimi nilikuwa mdogo na sikuwa na shughuli, nikakaa nikampa maneno. Hiki chungu. Yule mbuzi. Huu mkeka. Kila neno alilipokea, akaligeuza mdomoni, kisha uso wake ukafunguka. Nakumbuka siku moja aliamka mvua ikinyesha, nikamwambia, hiyo ni mvua, naye akaitazama ikidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, akasema, mvua, mvua, akaanza kulia kwa furaha. Sisi wengine neno hilo tulilipata tukiwa wachanga, hatuna habari. Yeye alilipata mara nyingi akiwa na akili ya kujua amepewa nini. Nilimtazama nikasikia nywele zinanisimama, na leo ninapoandika zinasimama tena.

Si maneno yote yaliyorudi. Hesabu haikurudi kamwe, nne ilikuwa mwisho wake, baada ya hapo alisema "na wengine." Hadithi ilimpotea katikati. Ukimwuliza jambo kwa haraka alikaa kimya mpaka ukakata tamaa, ukishaondoka ndipo anajibu, na jibu lilikuwa sahihi ila hakuna wa kulisikia. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye alikuwa mwenye kauli pale nyumbani, alisema kichwa cha yule mtoto ni kapu lililotoboka.

Na mimi? Mimi sikuanguka, basi wote walinihesabu mzima. Nikicheka wenzangu walipocheka, nani angejua kwamba kitendawili chenyewe sikukielewa? Nilitumwa vitu vitatu kwa jirani nikarudi na kimoja, nikapigwa kwa uvivu. Uvivu ulikuwa jina zuri, nililishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nikiamka asubuhi nisijue kama jana tulilima au tulipumzika. Siku kwangu zilikuwa zimemwagika chini kama mtama, hazikuwa na mstari.

Wa kwanza kujua alikuwa dada. Sijui alijuaje. Siku moja nilitumwa chumvi, shoka na mbegu za maboga, nikasimama njiani nikilia kwa sababu nimeshabaki na shoka tu. Dada alikuwa amekaa mahali pake, amesikia nilichotumwa. Akaniita. Akagusa paji lake la uso, akasema, "Chumvi." Akagusa bega lake, akasema, "Shoka." Akagusa tumbo, akasema, "Mbegu." Kisha akanionyesha kwa kidole kwamba nifanye mimi kwenye mwili wangu. Nikafanya. Nikaenda nikijigusa njia nzima, na nikarudi na vitu vyote vitatu. Shangazi akasema, naam, kumbe ukitaka unaweza.

Nilimwuliza dada hayo kayatoa wapi. Alikaa kimya sana, nami safari hii sikuondoka.

"Nikiamka," akasema, "maneno hayapo. Lakini goti lipo."

Basi. Yale ambayo wengine waliyaweka kichwani, yeye alikuwa ameona kichwa kinamwagika, akatafuta mahali pasipomwagika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hajui kuhesabu mpaka tano, na alikuwa amefikiri jambo ambalo sijawahi kusikia mzee yeyote amelifikiri. Kuanzia hapo tulikuwa tunaongea kwa mwili kutoka mbali. Asubuhi aligusa bega kuniuliza kama nimeleta kuni, nami niligusa bega kumjibu nimeleta. Hakuna aliyetuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama yeye.

Lakini shangazi hakuwa mjinga. Siku moja alinituma kwa fundi wa mitumbwi, dada akiwa amelala baada ya kuanguka, nikarudi na ujumbe uliopinduka, kesho nikaisema jana na wawili nikawasema mmoja. Watu walisafiri bure. Shangazi alinisimamisha mbele yake, akanichungulia machoni muda mrefu, akamwita mama.

"Huyu naye ameanza," alisema. "Amekaa mno karibu na mwenzake. Nikimwona amepotea tena, mkubwa atahamia dungu la kulindia ndege shambani, akae huko peke yake. Nina watoto watatu wa kuwalinda."

Mama alikuwa mke wa mdogo wake tu. Alisema tu, "Wifi, ni mtoto."

Kukaa dunguni peke yake tulijua maana yake. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijana wa kuanguka aliyehamishiwa shambani na moto wake na chungu chake. Aliangukia moto ule, na hakukuwa na mtu wa kumvuta. Kwa hiyo toka siku ile nilijua kazi yangu duniani: nisionekane nimepotea. Upumbavu wangu ukijulikana, anayekufa ni dada.

Kisha vita vikaja, vile wanavyoviita vya Maji Maji. Tulikuwa tumeshachoka na shamba la pamba la jumbe, ambalo watu walilimishwa kwa kiboko wakati mpunga wao wenyewe unaliwa na ndege. Wanaume wakaenda kunyweshwa dawa. Baba, kabla ya kunywa, alimwuliza mganga kama maji yale yangemfaa pia binti yake mwenye kifafa. Akajibiwa kwamba dawa ni ya risasi, si ya kuanguka. Alirudi akatusimulia hivyo akitabasamu kidogo, kisha akapanda na wenzake kuelekea boma la Mahenge, na hakushuka. Mtu mmoja tu wa kitongoji chetu alishuka, na huyo hakutaka kusema.

Baada yao walikuja askari. Walichoma maghala, wakachoma na mpunga uliokuwa umesimama. Sisi tulikimbilia msituni chini ya milima, watu saba: shangazi na watoto wake watatu, mama, dada na mimi. Tulijenga vibanda vya matete karibu na kijito kinachoshuka kwenda Lumemo. Njaa iliyofuata sitaieleza. Waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo watadhani natia chumvi.

Tulichokula ni ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, kikubwa, cheupe ndani, kina sumu. Kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, vinawekwa kwenye kikapu na kulowekwa kwenye maji yanayotembea, siku tatu mchana na usiku. Kikitolewa kabla, kinalevya. Mtu anatapika, anatetemeka, anaona visivyokuwepo, na mtoto mdogo halali akaamka. Tulikuwa tumepita kwenye vibanda vya watu ambao njaa ilishinda subira yao. Mama alinifunika macho.

Mama na shangazi walishinda msituni wakichimba. Watoto wa shangazi walikuwa wadogo. Dada haruhusiwi mtoni. Shangazi akatuangalia waliobaki, yaani mimi, akasema vikapu nitavisimamia mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki na kichwa kizima. Vilikuwa vitatu. Kila siku mchana kimoja kitoke kiende kupikwa, na kingine kipya kiingie. Mama alivisuka vyote kwa matete yaleyale, vilifanana kama mayai.

Nilirudi kwa dada nikiwa nimejaa jasho. Nikakaa hatua sita, nikamwambia nimepewa kuhesabu siku.

Alifikiri. Akauliza, "Maji yanatoka wapi?"

"Mlimani."

"Basi ni mtu amelala, kichwa chake mlimani." Akagusa miguu yake. "Kipya kiweke miguuni. Uchungu unashuka na maji, kisije kikawatapikia wenzake. Kesho kipandishe tumboni. Kesho kutwa kipandishe kichwani. Unatoa cha kichwani. Usihesabu kitu."

Hakuwahi kukiona kile kijito. Nilikwenda nikatafuta mawe matatu makubwa, moja juu, moja katikati, moja chini, nikafunga vikapu. Kila mchana nilitoa cha kichwani, nikasogeza vile viwili juu, nikaweka kipya miguuni, na sikuhesabu chochote. Asubuhi wakati wa kula dada aligusa kichwa chake kutoka mahali pake akiniuliza, nami niligusa changu nikimjibu. Tulikula hivyo siku nyingi. Mama na shangazi walichimba, ni kweli, mikono yao ilitoka damu. Lakini aliyetulisha bila mmoja wetu kufa ni yule aliyekaa peke yake na kibuyu cha nusu, na ni watu wawili tu waliolijua hilo, yeye na mimi. Nilikuwa nikimtazama akitafuna polepole kule kando, nikapata hamu ya kusimama niseme. Sikusema kwa sababu ya dungu.

Halafu mvua ikanyesha milimani. Kwetu chini hapakuwa na tone. Nilifika kijitoni mchana nikakuta maji mekundu, yamepanda mpaka kwenye majani. Mawe yangu hayaonekani. Vikapu vyote vitatu vilikuwa vimeng'oka na kukwama pamoja kwenye mizizi kwenye kona, kimoja juu ya kingine, vimelala ovyo. Yule mtu aliyelala hakuwa na kichwa tena wala miguu.

Nilivitoa nikavipanga nchi kavu. Nilivinusa. Nilionja kipande kutoka kila kimoja kwa ncha ya ulimi nikatema, vyote vilikuwa vichungu, au ulimi wangu ndio uliokuwa umeshakufa kwa ndiga. Nilijaribu kukumbuka nilichokigusa jana na juzi, na jana na juzi havikuwepo. Mwishowe nilichukua kile kilichoonekana cheupe zaidi. Vingine viwili nilivirudisha majini kwa mpango niliouzua mwenyewe.

Shangazi alinipokea akauliza, "Ndicho?"

"Ndicho," nikasema.

Ningeweza kusema mvua imevichanganya. Mtoto mwenye akili zake angesema hivyo bila hofu, maana mvua si kosa la mtu. Lakini mtu anayejificha hana kosa dogo. Nilijua akinihoji kidogo tu, jana kiliwekwa kipi, juzi kiliwekwa kipi, atafika chini kabisa na kukuta hakuna kitu. Dada alikuwa amelala kibandani kwake jua likiwa bado juu, siku ile alikuwa ameanguka mara mbili. Sikuweza kumwuliza.

Tulipika alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda bondeni ili moshi usionekane. Shangazi alikiepua chungu, akakiweka katikati yetu, kikiwa bado kinatokota pembeni. Watoto wake walisogea. Wa mwisho, wa kama miaka mitatu, alikuwa na tumbo kubwa na miguu myembamba, na alikuwa ameacha kulia siku nyingi. Alifungua tu mdomo. Shangazi akachukua kipande, akaanza kukipuliza kipoe.

Nikainua macho. Dada alikuwa ananitazama kutoka mahali pake. Akagusa kichwa chake.

Mkono wangu uliinuka, ukafika kifuani, ukasimama.

Akagusa tumbo lake, ameinua nyusi. Mkono wangu haukwenda popote. Akagusa goti. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, na nadhani machozi yalikuwa yameshaanza. Shangazi bado anapuliza.

Dada akasimama. Akatembea zile hatua sita ambazo hakuwahi kuzitembea, akapita kati yangu na mama, akainama, akazamisha mkono wake wa kulia kwenye chungu cha wote mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kilikuwa kimetoka motoni dakika ile. Hakupiga kelele. Aliuacha humo mpaka kila mtu ameuona, akautoa ukichuruzika.

Kisha shangazi akampiga mwanawe kofi la mdomo uliokuwa umeshagusa kipande, kikaruka kikaanguka majanini, ingawa alikuwa amekitoa chunguni kabla ya mkono kuingia. Akanyakua mchi. Alimpiga dada begani, dada akayumba lakini hakukimbia.

"Leo unatoka," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Umetuulia chakula. Watoto wangu wana njaa, umetuulia chakula. Leo hii unatoka."

Nilinyamaza. Nataka hili nalo liandikwe. Nilinyamaza mpaka mchi ulipoinuliwa mara ya pili, na ungeweza kushuka mara ya pili nami bado nimenyamaza. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Shangazi, sijui ni kikapu kipi."

Akageuka. "Unasemaje?"

"Mvua ilivichanganya. Mimi sijui kuhesabu siku, shangazi. Sijawahi kujua. Ni dada anayejua, mimi ananionyesha tu."

Mama alikichukua chungu bila kumtazama mtu, akaenda nacho mbali, akakimwaga. Mpaka leo sijui kikapu kile kilikuwa cha siku ngapi. Huenda kilikuwa sumu tupu. Huenda kilikuwa chakula safi na tulikimwaga mbele ya mtoto mwenye njaa. Shangazi aliamuru vyote vilivyobaki vilowekwe upya siku tatu kamili, na siku hizo tatu hatukula ila majani. Yule mdogo alilia tena, alilia mpaka sauti ikakauka. Alipona. Asingepona, nisingekuwa na uso wa kuandika haya.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka hamsini, na kila nikilichukua linanishinda uzito. Nimejaribu kulifuata wazo la dada hatua kwa hatua, jinsi nilivyofundishwa kufuata herufi. Aliona sijui. Aliona shangazi anapuliza. Akisema kwa mdomo, hawatamsubiri amalize, na wakimsubiri hawatamwamini, na wakimwamini mimi nimefichuka. Lakini mkono wake waliuamini. Maisha yake yote walikuwa wamemwambia mkono wako unaharibu chakula, basi akauchukua mkono uleule akakiharibu. Mimi kufika mpaka hapo hunichukua mchana mzima na kalamu. Yeye alifika kabla kipande hakijapoa. Aliishi miaka mingine kumi na kitu baada ya hapo, na watu waliendelea kumwita asiye na akili, nami huwa nikilisikia neno hilo likisemwa juu ya mtoto yeyote natoka mahali hapo.

Hukumu ya shangazi ilikuja mchana. Alikuwa ameketi chini, mchi pembeni, na hasira imeshamwishia.

"Kumbe kimeshamla na huyu," alimwambia mama. "Basi hakuna cha kumkinga tena. Waende wote wawili dunguni. Wakae pamoja, wale pamoja."

Mama alitubebea mikeka. Dungu lilikuwa la shamba lililoachwa, kwenye ukingo wa matete, mahali ambapo mtu akiita kwa nguvu anasikika. Nguzo zake zilikuwa zimeoza, tukalala chini yake. Sikuthubutu kumwonyesha mama uso wangu, asije akaona kwamba nimefurahi. Miaka yote nilikuwa nimejificha ili tusitenganishwe, na kumbe kilichotutenganisha ni huko kujificha.

Dada alianguka kabla jua halijazama siku ileile. Kwa mara ya kwanza nilimshika. Nilimshika kichwa kisigonge mzizi, povu likanipaka mikono, nikamgeuza ubavu, nikakaa naye mpaka akatulia. Asubuhi aliamka hana maneno, nikaanza upya. Matete. Jua. Dungu. Yalirudi polepole kuliko kawaida, siku ile na kesho yake. Siku ya tatu alinitazama vizuri, akaangalia kushoto na kulia.

"Mbona tuko huku?" aliuliza. "Nimefanya nini?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kifafa kilikuwa kimeichukua siku ile nzima, mvua, chungu, mchi, vyote. Aliinua mkono wake wa kulia uliofungwa majani. "Na hapa? Niliangukia moto?"

Nikamweleza. Mimi, ambaye kutumwa vitu vitatu ni taabu, nilimweleza yote tangu kona ya kijito mpaka kipande kilipoanguka majanini, na sikuruka kitu.

"Mimi?" akasema. "Niingize mkono kwenye chungu cha wote? Wangeniua."

"Walitaka."

Alifungua majani, akautazama mkono. Ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge mpaka mahali palepale nilipomwambia, sawasawa kama bangili, na juu yake hapakuwa na kitu. Moto hauunguzi hivyo. Aliuzungusha, akautazama upande wa pili, akakaa kimya. Nilikuwa nimeshajifunza kutoondoka.

"Kumbe," akasema mwishowe.

Mchana mama alituletea ndiga, ya siku tatu kamili, kwenye kile kibuyu cha nusu, akakiweka mbali akarudi. Nilikileta. Dada alikisukuma kuelekea kwangu, akainuka, akaanza kurudi nyuma ili akae kwenye umbali wake angojee fungu lake. Nikamfuata na kibuyu. Akarudi tena nyuma, nikamfuata, mpaka nguzo ya dungu ikamzuia. Mkono wake wa kulia haukuweza kushika kitu, na wa kushoto si wa kulia chakula. Nilichukua kipande kwa vidole vyangu, nikakipuliza, nikakipeleka mdomoni mwake. Alibana midomo, akatikisa kichwa, macho yake yamejaa hofu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu.

"Fungua," nikamwambia.

Akafungua.